Edinburgh: Dabodeka la paundi 20 na mamilioni yaliyo nyuma yake

Blackfriars Street ni mtaa mfupi unaoteremka kutoka Royal Mile, barabara kuu ya Mji Mkongwe wa Edinburgh, hadi Cowgate. Mtaa wenyewe unamalizika kwa miguu ndani ya dakika chache, lakini umebeba historia ya biashara nzima. Juu ipo High Street Hostel, iliyofungua milango mwaka 1985 katika jengo la karne ya 16. Chini yake kidogo ipo hosteli yenye vitanda zaidi ya 600, ambayo mwaka 2021 kampuni ya Safestay, iliyokuwa imeorodheshwa kwenye Soko la Hisa la London, iliiuzia kampuni ya Kijerumani ya a&o kwa paundi milioni 16. Ukigawanya, kila kitanda kilikwenda kwa karibu paundi 26,000, na vingi kati ya hivyo ni dabodeka kama zile za shule ya bweni.

Nani anatoa fedha hizo kwa ajili ya dabodeka? Jibu liko kwa mteja mmoja: anayesafiri peke yake, begi mgongoni, anayetaka kuuona mji mkuu wa Scotland bila kumwaga akiba yake yote kwenye malazi. Wenye hoteli walimdharau kwa miaka mingi. Leo wawekezaji wanamgombea.

Hesabu ya kichwa kimoja

Hoteli huuza chumba, hosteli huuza nafasi ya mtu mmoja. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa biashara yote. Anayeingia hotelini peke yake hulipa karibu sawa na wawili, kwa sababu chumba ni kilekile. Hosteli haimtozi mtu faini kwa kutokuwa na mwenzake.

Kwa mwenye jengo hesabu ni tamu pia. Tuchukue mfano wa ukumbi unaotosha vyumba viwili vya hoteli vya paundi 90 kila kimoja: jumla ni paundi 180 kwa usiku. Ukumbi huohuo ukipangwa vitanda 12 vya paundi 20, ukijaa unaingiza paundi 240, na mgeni bado anaona amepata bei ya chini. Bafu la pamoja linapunguza gharama za ujenzi. Ni kweli kwamba shuka 12 zinafuliwa badala ya nne, na maji ya moto hutumika mengi zaidi, lakini faida hubaki ilimradi vitanda visikae vitupu.

Edinburgh ina sababu yake ya ziada. Mji Mkongwe na Mji Mpya viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1995, na majengo mengi yanalindwa kisheria. Kutoboa kuta za kale ili kila chumba kipate bafu lake ni kazi ghali, na mara nyingi hairuhusiwi. Bweni halihitaji ukarabati mkubwa namna hiyo. Linaridhika na ukumbi mpana wenye dari ndefu. Ndiyo maana hosteli za Edinburgh zimeenea ndani ya majengo ambayo hoteli isingeyaweza kwa urahisi. Castle Rock iko Johnston Terrace, chini kabisa ya ngome ya mji. CoDE iligeuza mahakama ya zamani karibu na Royal Mile kuwa hosteli mwaka 2021, na vyumba vya mahabusu vimekuwa vyumba vya wageni wanaolipa ili kulala humo.

Agosti inalisha Januari

Ugumu wa biashara hii ni kalenda. Mwaka 1947 ulipoanzishwa Tamasha la Kimataifa la Edinburgh, vikundi vinane vya maigizo vilikuja bila kualikwa na kucheza pembeni. Hiyo pembeni ndiyo leo inayoitwa Fringe, na ukubwa wake umelipita shina lililoizaa: mwaka 2024 zilitolewa tiketi zaidi ya milioni 2.6 kwa maonyesho yanayozidi 3,000, yote ndani ya Agosti, katika mji wenye wakazi takriban nusu milioni.

Katika wiki hizo bei ya kitanda cha bweni huweza kuruka mara tatu au nne ya ile ya majira ya baridi. Wasanii wenyewe, ambao wengi wao huishia na hasara, hugombea vitanda na watazamaji wao. Chuo Kikuu cha Edinburgh nacho huingia sokoni kwa kupangisha mabweni ya wanafunzi walioko likizo.

Baada ya hapo huja Novemba na Januari, jua likizama kabla ya saa kumi na moja jioni. Wenye hosteli hujaribu kuziba pengo kwa matukio: mechi za raga za Six Nations katika uwanja wa Murrayfield mwezi Februari na Machi, makundi ya wanafunzi wa shule, na Hogmanay, sherehe ya mkesha wa mwaka mpya. Lakini tukio si mkataba. Mwisho wa mwaka 2024 upepo mkali ulifuta sherehe za mitaani za Hogmanay wageni wakiwa tayari mjini. Anayepanga bajeti ya mwaka hujua kwamba Agosti ikienda mrama, hakuna mwezi mwingine wa kuiokoa.

Usafiri umesaidia kunyoosha kalenda hiyo. Uwanja wa ndege wa Edinburgh ndio wenye shughuli nyingi kuliko vyote Scotland. Treni za bei nafuu za Lumo zimekuwa zikitoka London tangu Oktoba 2021, na tramu inamfikisha mgeni wa ndege katikati ya mji. Safari ya wikiendi ya Februari, iliyokuwa anasa, sasa iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi.

Jiko lisiloingiza senti

Mteja wa peke yake halipii godoro tu. Godoro angelipata kwingine. Anachokifuata hosteli ni kupika tambi zake kwenye jiko la pamoja, pembeni yake mtu wa Brazil akikaanga mayai, na kufika saa mbili usiku wamekwishakubaliana kupanda Arthur's Seat asubuhi. Kilima hicho chenye urefu wa mita 251 hakina kiingilio. Makumbusho ya Taifa ya Scotland ni bure pia, pamoja na Jumba la Taifa la Sanaa. Ngome ndiyo inayouma mfuko. Kwa hiyo msafiri mwenye kitanda cha bei ndogo anaweza kuishi Edinburgh siku nzima akitumia fedha kwa chakula tu, na wenzake wa kutembea nao hupatikana sebuleni.

Sebule na jiko haviingizi senti moja kwa moja, tena vinachukua nafasi ambayo ingetosha vitanda kadhaa. Hata hivyo ndivyo vinavyojaza vitanda vilivyobaki. Hostelworld, kampuni ya Dublin iliyoanza mwaka 1999 na ambayo hosteli nyingi duniani huuza vitanda kupitia kwake, ililielewa jambo hili vizuri: mwaka 2022 iliweka katika programu yake ya simu huduma ya kuwawezesha wageni wa mji mmoja kuzungumza kabla hawajafika. Kampuni iliyokuwa ikiuza vitanda imeanza kuuza marafiki, kwa sababu kitanda kinapatikana kwenye tovuti yoyote.

Waliobobea Edinburgh wameujenga mtiririko wa mapato juu ya urafiki huo. Castle Rock, High Street Hostel na Royal Mile Backpackers ni ndugu moja na MacBackpackers, kampuni ya mabasi ya watalii yanayokwenda nyanda za juu za Scotland na kisiwa cha Skye. Mgeni hukutana na wenzake mezani, wakapanda basi pamoja, kisha wakalala katika hosteli za familia hiyohiyo huko waendako. St Christopher's, mkabala na stesheni ya Waverley, imechukua njia ya baa: kitanda humleta mteja, na bia ndiyo inayomalizia hesabu. Sheria ya Scotland ya bei ya chini ya pombe, iliyopandishwa hadi peni 65 kwa kipimo kimoja cha pombe Septemba 2024, imepunguza kidogo unafuu wa bia ya supamaketi, na baa haina sababu ya kulalamika.

Kwa wanawake wanaosafiri peke yao soko limejigawa zaidi. Bweni la wanawake tupu, kadi ya kufungulia mlango, kabati lenye kufuli, pazia kwenye kila kitanda: haya yaliyokuwa nyongeza sasa huamua nani anapata oda. Mara nyingi bweni la namna hiyo huuzwa ghali kidogo, na bado hujaa mapema.

Mgeni na jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hosteli za mwanzo hazikungoja hata siku ya tatu. Chama cha hosteli za vijana cha Scotland, kilichoanzishwa mwaka 1931 na ambacho leo kinaitwa Hostelling Scotland, kilifuata desturi iliyoasisiwa Ujerumani na mwalimu Richard Schirrmann: mgeni alilala kwa bei ya chini na kufagia kabla ya kuondoka. Hosteli za kibinafsi ziliurithi moyo huo kwa njia nyingine, zikiwatumia wasafiri wenyewe kama watu wa mapokezi na usafi.

Njia hiyo imekuwa nyembamba. Uhuru wa raia wa Umoja wa Ulaya kuja kufanya kazi Uingereza ulikoma mwisho wa mwaka 2020. Mwenye viza ya utalii haruhusiwi kufanya kazi, hata kwa malipo ya kitanda. Sheria pia haimruhusu mwajiri kuhesabu malazi kuwa mshahara kadiri apendavyo: kuanzia Aprili 2025 kiwango cha juu kilikuwa paundi 10.66 kwa siku, wakati kima cha chini cha mshahara kwa wenye miaka 21 na zaidi kilipanda kutoka paundi 11.44 hadi 12.21 kwa saa. Mwezi huohuo mchango wa mwajiri katika bima ya taifa ulipanda kutoka asilimia 13.8 hadi 15. Waliobaki kushika mapokezi ni wenyeji pamoja na vijana wa nchi kama Australia, New Zealand na Kanada, ambao wana viza maalumu ya kufanya kazi kwa muda.

Mzigo huu haugawanyiki sawa. Kampuni yenye vitanda 600 humlipa mtu mmoja wa zamu ya usiku kwa mapato ya wageni mamia. Hosteli ya vitanda 40 humlipa mtu huyohuyo kwa mapato ya wageni 40.

Tozo ya kwanza

Kwa malazi ya kuanzia tarehe 24 Julai 2026, Edinburgh inatoza wageni asilimia 5 ya bei ya malazi, kwa usiku tano za mwanzo zinazofuatana. Baraza la mji lilipitisha uamuzi huo Januari 2025, likitumia sheria ya Bunge la Scotland ya mwaka 2024, na makadirio yake ni kukusanya hadi paundi milioni 50 kwa mwaka. Fedha zinakusudiwa kwa huduma za mji, utamaduni na makazi, katika mji uliotangaza dharura ya makazi Novemba 2023.

Wenye hosteli wana sababu ya kupumua. Asilimia 5 ya kitanda cha paundi 20 ni paundi moja. Ya chumba cha paundi 200 ni paundi 10. Ingewekwa tozo ya paundi nne kwa kila kichwa, bei ya kitanda hicho ingepanda kwa moja ya tano, na mteja anayehesabu kila senti angekwenda kulala Glasgow. Mfumo wa asilimia unamlinda mteja wa chini. Kinachobaki ni kazi ya makaratasi, ambayo tena ni nyepesi kwa wakubwa.

Leseni za nyumba za kupangishwa kwa muda mfupi, zilizoanza kutumika kikamilifu Scotland Oktoba 2023, nazo zimezibana nyumba binafsi zilizokuwa zikichukua wateja. Kwa hosteli hilo si tatizo bali nafasi.

Akitoka Dar au Nairobi

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, hesabu hizi huanzia mbali na Edinburgh. Mwalimu Nyerere alisoma katika chuo kikuu cha mji huo kati ya 1949 na 1952, na wanafunzi wa kwetu hawajakoma kwenda. Lakini anayekwenda kutembea tu hukutana kwanza na viza: kuanzia Aprili 2025 ada ya viza ya ziara ya hadi miezi sita ilikuwa paundi 127, isiyorudishwa ukikataliwa, na ilikuwa sawa na zaidi ya usiku sita za kitanda cha paundi 20. Kwake yeye unafuu wa hosteli unakuja baada ya gharama kubwa kuliko kitanda chenyewe. Ushauri wa kibiashara ni rahisi: aepuke Agosti, achague Mei au Septemba, na aweke oda inayoweza kubatilishwa hadi viza itoke.

Nani atabaki

Fedha zinazoingia katika biashara hii zinapenda vibanda vidogo vyenye mapazia na vyumba vya faragha, kwa kuwa kila mita ya mraba huonekana kwenye hesabu za mwaka. Kampuni kubwa zitaishi kwa wingi wa vitanda na kwa kuwabana wauzaji wa shuka. Hosteli ndogo zenye jiko lililojaa watu na basi la kwenda Skye zitaishi kwa sababu mgeni huondoka akizitaja kwa jina. Iliyo hatarini ni ya katikati: iliyopunguza sebule ili kuongeza vitanda, lakini haina ukubwa wa kushusha gharama. Hiyo imebaki na godoro tu, na godoro Edinburgh linauzwa na kila mtu.