Waya wa Ng'ambo

Ukisimama ufukweni karibu na Kombewa unauona Mlima Homa upande wa pili wa ghuba. Lakini kwetu nyumbani, ng'ambo ilikuwa Shirati, Tanzania, alikoolewa Waya, dada mkubwa wa baba.

Wapo Kombewa wanaowaita Wajaluo wa Rorya, mkoani Mara, Wakenya waliopotea. Neno hilo linaniuma. Watu hao walikuwa na makaburi yao kule kabla ya mpaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kuanzia pwani hadi ukingo wa ziwa, kwenye digrii 1 kusini mwa ikweta. 1890 mstari ukaingia majini. Kwao ni pale pale.

Wajukuu wa Waya walipotutembelea, walitupa shikamoo sisi tuliowazidi miaka mitatu tu, tukaduwaa. Omena waliita dagaa, mbuta wakaita sangara. Kijaluo chao nilikielewa chote, ila wakigombana, waligombana kwa Kiswahili, tena kitamu mno.

Kabla ya hapo kulikuwa na miaka ya kimya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka Februari 1977. Bibi alifariki 1979. Baba alilipia tangazo la kifo redioni, kwa Kijaluo, na Waya alilisikia akiwa jikoni kwake Shirati. Mama yake akazikwa bila yeye. Kwa Mjaluo, hilo ni deni lisilolala.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mwaka uliofuata Waya akaja kupitia Sirari, basi hadi Kisumu, kisha matatu. Alipofika langoni alitupa mzigo chini, akapiga yowe, akakimbia moja kwa moja hadi kaburini. Majirani walitoka mbio wakidhani tumefiwa siku hiyo.

Usiku alimuuliza baba mambo madogo madogo: nani alimwosha, siku ya mwisho alikula nini, alimtaja nani. Baba alijibu moja baada ya jingine, polepole, na sisi watoto tukanyamaza.

Kiunoni alikuwa amefunga leso, mwenyewe akiita khanga. Aliinunua Musoma 1979, nguo zilipokuwa adimu, aivae kwenye mazishi. Nilipoigusa ilikuwa bado ngumu kwa wanga wa dukani.