"Tukuombee?" Ulizo la wanafunzi, hofu ya wazazi wa Nyangwe

Ekzame zikikaribia, mangaribi watu wanagonga milango ku mahomu za wanafunzi wa iniversite. Vijana wawili ao watatu, Biblia mukononi, wanasalimia vizuri, kisha wanauliza: "Ndugu, kuna jambo unapenda tukuombee?" Mumoja anakubali mara moja. Mwingine anafunga mulango.

Hapa Nyangwe lile ulizo linafika mpaka kwa wazazi. Watoto wetu wanasomea Kasongo, Kindu, Bukavu, na minervali inatoka mu mashimo ya zahabu ya Kabambare ao mu kasiterite. Papa mwenye kuswali musikitini anaogopa mutoto atageuzwa dini. Mama wa parokia anafurahi kwamba mutoto hayuko peke yake kule mbali. Wote wawili wako na sababu.

Sisi watu wa Lualaba tunajua dini na nguvu zilivyotembea pamoja. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanya biashara ya watumwa walipiga bunduki mu soko la Nyangwe, mamia wakakufa, wengi wao wamama. Livingstone aliona na akaandika. Mu 1893 jeshi la Leopold II likaingia, na kiisha wakakuja mapadri. Kwa hiyo leo mu familia moja unakuta Hassani na Yozefu, wanakula sahani moja. Ile amani tusiiharibu.

Wale vijana wanatoka wapi? Wengi ni wa GBU, vikundi vya kusoma Biblia ku iniversite, vyenye kufungamana na muungano wa dunia nzima IFES, uliozaliwa mwaka 1947. Wakatoliki wako na Renouveau yao. Wakati wa Mobutu haikuwa rahisi: mu 1972 serikali ilikataza vikundi vya vijana vya makanisa, ikabakisha JMPR tu. Leo Katiba ya 2006, artikle 22, inaruhusu kila mutu kuonyesha dini yake, peke yake ao mu kikundi, lakini kwa kuheshimu haki za wengine. Kuombea mutu ni haki. Kusema "hapana, aksanti" nayo ni haki, na mwenye kukataa asichekwe, asitengwe.

Kuna mambo mawili ambayo mimi, mutu wa sendika, ninaogopa kupita kugeuza dini.

Ya kwanza ni siri. Mwanafunzi anasema: "Muniombee, papa aliangukiwa na udongo, tuko na deni kwa negosian." Kesho yake ile habari inasemwa mu kusanyiko kama ushuhuda, na negosian anasikia. Kitu umeambiwa mu maombi kibakie mu maombi.

Ya pili ni dawa. Vumbi ya shimo inaharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika yanashikwa haraka na kifua kikuu. Dawa yake kwa kawaida ni miezi 6. Mutu akiombewa, akasikia nguvu imerudi mu mwezi wa pili, akaacha vidonge, ugonjwa unarudi mukali zaidi, na nyumba nzima inaambukizwa. Muombaji wa kweli anauliza: "Leo umekunywa dawa?"

Wachimbaji wanaelewa hii bila masomo marefu. Asubuhi ku mulango wa shimo, mumoja anasema Bismillah, mwingine anafanya alama ya musalaba. Kisha wote wawili wanaangalia miti ya kushikilia udongo na kamba, sababu wakishuka, ile kamba ni moja. Hakuna mutu anaambia mwenzake: sala imetosha, tuache miti.

Wazazi, mutoto akitelefone na kusema wanamuombea, musipige kelele. Mumuulize mambo matatu: Walikuomba ruhusa? Wanachunga siri yako? Ukigonjwa, wanakupeleka ku hopitali, ao wanakukataza? Majibu yakiwa mazuri, huyo ni rafiki, hata kama dini ni nyingine. Yakiwa mabaya, mutoto atoke mule pole pole.

Na ninyi vijana wa maombi, aksanti kwa kugonga mulango wa watoto wetu. Mukimaliza kusema Amina, muangalie kama huyo mwenzenu amekula, na kama hana sylabisi, mumuazime yenu.