Chembe Haziozi Kama Nyanya

Sokoni Illasit, mji wa mpakani ulio chini ya Mlima Kilimanjaro katika Kaunti ya Kajiado, nilimkuta msichana wa kidato cha nne akimsaidia mamaye kuchambua nyanya. Zilizooza alizitupa kando. Alipojua kuwa mimi ni mhadhiri, aliniuliza: "Mwalimu, kitabu chetu cha fizikia kinasema chembe nazo huoza. Huoza vipi ilhali hazina uvundo?"

Nilicheka, kisha nikaona haya. Binti alikuwa amefasiri Kiingereza neno kwa neno, kosa ambalo hata sisi wanaisimu hulifanya. Nikamwambia haziozi, bali huvunjika. Hakuridhika. "Chungu kikivunjika," akasema, "vigae vilikuwamo tangu mwanzo. Je, na hizo?"

Swali hilo lilinirudisha maktabani. Nilisoma habari za mitambo inayogonganisha elektroni na positroni, pacha wake mwenye chaji ya kinyume. Zikigongana hutoweka zote mbili, na nishati yao huzaa chembe nyingine ambazo aghalabu hazidumu. Mwaka 1975, huko Stanford, Marekani, Martin Perl na wenzake walikuta elektroni upande mmoja na muoni, nduguye mzito, upande wa pili, huku sehemu ya nishati ikikosekana. Kama mchungaji asomaye nyayo za mnyama asiyemwona, walibaini kuwa palikuwa pamepita chembe mpya mbili. Ziliitwa tau. Kila moja ina uzito wa elektroni 3,500 hivi, nayo huishi muda usiofika sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Nishati iliyokosekana ilikuwa imechukuliwa na nyutrino, chembe zisizonaswa kwa urahisi. Perl alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1995.

Baadaye, karibu na Geneva, mtambo wa LEP ulifanya kazi katika handaki la kilomita 27 tangu 1989 hadi 2000. Humo, kwa kuchunguza kikomo cha chembe iitwayo Z, wanasayansi walithibitisha kuwa aina za nyutrino nyepesi ni tatu tu.

Sasa tazama ndugu msomaji: kwa kadiri ijulikanavyo, tau haina sehemu ndani yake. Elektroni itokeayo haikuwamo. Huzaliwa pale tau inapokoma. Kwa hiyo neno langu "kuvunjika" lilipotosha kuliko "kuoza" la yule binti. Naona "kugeuka" lina ukweli zaidi.

Wapo wasemao Kiswahili hakifai kwa sayansi. Lakini huyu aliyakariri maneno ya Kiingereza darasani bila tatizo. Alipoyaleta katika lugha ya soko ndipo alipogundua kuwa hakuyaelewa, wala mimi sikuyaelewa. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, hali mtihani wa fizikia ungali wa Kiingereza. Huko Dar es Salaam, TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kumbe kazi hii yawezekana, mradi wanaisimu na wanafizikia waketi meza moja.

Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumnyima mtoto lugha ya kuulizia.