GARI KUUKUU: TULIPIME KWANZA, TUNUNUE BAADAYE



Katika matawi yetu ya mashamba ya chai na miwa hapa Uganda, na katika viwanda vyake, wapo wenzetu wengi wenye gari kuukuu. Wengine wamelipata kwa akiba ya miaka mingi. Wengine wamechanga watu watano au kumi wakanunua Corolla moja ya miaka ya 1980. Magari haya si ya anasa. Ndiyo yanayopeleka ndizi na maharage yetu sokoni siku ya mapumziko, na ndiyo yanayomchukua mama mjamzito usiku kutoka kambini hadi hospitali. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa hiyo yale makuukuu yaliyomo nchini yanapita mkono kwa mkono, na kila mwaka yanazidi kuzeeka.

Gari la namna hii lina dosari nyingi, lakini lina sifa moja kubwa: mambo yake yanaonekana. Lina kabureta na distributa, halina kompyuta. Mtu mwenye macho, masikio, pua na spana chache aweza kuutambua ugonjwa wake. Kinachotuumiza ni desturi ya kununua kabla ya kupima. Gari likikataa kuwaka, mmoja anasema koili, mwingine anasema kabureta, na mshahara unakwenda kwa yule aliyepaza sauti zaidi.

Mfano mmoja utatosha. Katika tawi moja la chai, gari la wenzetu lilikuwa likienda kilometa ishirini hivi, kisha linazima. Wakingoja robo saa, linawaka tena. Wakabadilisha pampu ya petroli. Likazima. Wakabadilisha kabureta. Likazima. Baada ya pesa ya mishahara ya miezi miwili kuteketea, mzee mmoja dereva wa trekta akafungua kifuniko cha tangi, na wote wakasikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu. Tundu dogo la kupitisha hewa kwenye kifuniko lilikuwa limezibwa na matope. Petroli ikitoka bila hewa kuingia, tangi hujivuta na pampu hushindwa. Sindano na dakika mbili zilimaliza kazi.

Basi jambo tunalotaka kusema ni hili: ugonjwa upimwe kwanza, kitu kimoja baada ya kingine, na spea inunuliwe mwisho.

INJINI HAIWAKI: MASWALI MATATU

Swali la kwanza: je, stata inazungusha injini? Washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo. Taa zikififia karibu kuzima, betri ni dhaifu au viungo vyake vina kutu. Taa zikibaki kali na stata isitoe sauti, tazama waya za stata, solenoidi yake au swichi. Mara nyingi kosa ni ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri. Fungua kwanza waya wa hasi, na wakati wa kurudisha ufunge huo mwisho, ili spana isipige moto ikigusa bodi. Safisha kwa brashi ya waya na maji ya moto, kausha, kaza, kisha paka grisi kidogo. Fuata pia waya wa ethi unaotoka kwenye betri hadi kwenye bodi na injini. Ukiwa na kutu, stata huzunguka kwa uvivu hata kama betri ni mpya.

Ukiwa na mita ndogo ya umeme, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa. Ikisoma 12 au chini, inahitaji chaji. Injini ikiwa inaendesha, mita isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12, altaneta haichaji au mkanda wake umelegea. Wapo watu wanaopima altaneta kwa kung'oa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma. Jambo hilo likatazwe. Linaweza kuiua altaneta iliyokuwa nzima.

Swali la pili: je, cheche ipo? Toa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze chuma chake kikigusa injini, na uishike kwa koleo lenye mpini wa mpira. Hakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu. Mwenzako azungushe stata. Cheche ya samawati yenye mlio ni nzuri. Ikiwa ya njano na dhaifu, au haipo, fungua kifuniko cha distributa. Asubuhi za ukungu katika milima ya chai, unyevu ndani ya kifuniko hicho huzima magari mengi kuliko koili mbovu. Kipanguse kwa kitambaa kikavu, kisha tazama kama kina ufa au mstari mweusi kama wa penseli. Umeme hutorokea hapo.

Kama distributa ni ya pointi, zile ambazo mafundi wengine huita platini, zitazame. Zikiwa na vishimo, zilainishe kwa tupa ndogo, kisha pitisha karatasi safi katikati yake kuondoa mafuta. Nafasi yake katika magari mengi ya silinda nne ni milimita 0.4 hivi, lakini kitabu cha gari ndicho hakimu. Pima kwa fila geji wakati pointi zimefunguka kabisa. Pointi mpya zikiungua upesi, shuku kondensa.

Swali la tatu: je, petroli inafika? Injini ikiwa imezimwa na hakuna mwenye sigara, ondoa chujio la hewa, chungulia kabureta, na mwenzako akanyage mafuta mara moja. Petroli iruke kama mate. Isiporuka, anza na yale rahisi: tangi lina mafuta kweli? Geji ya zamani hudanganya. Kisha tazama chujio la petroli, halafu pampu. Mrija ukitolewa kwenye kabureta na kuwekwa ndani ya chupa, na waya wa koili ukiwa umetolewa ili kusiwe na cheche, stata ikizungushwa pampu iteme petroli kwa vipigo. Ikitema vizuri, taka ipo kwenye kabureta. Jeti isafishwe kwa pumzi ya pampu ya baiskeli, isichokolewe kwa waya, maana tundu likipanuka gari litakunywa petroli siku zote.

PLAGI NA MOSHI HUSEMA

Ukiisha kuzitoa plagi, zisome kabla ya kuzifuta. Rangi ya kahawia isiyokolea ni afya. Masizi meusi makavu maana yake petroli ni nyingi au chujio la hewa limeziba vumbi. Nyeusi yenye mafuta maana yake oili inapenya ndani ya silinda. Nyeupe kabisa maana yake petroli ni chache au injini ina joto mno.

Moshi nao ni vivyo hivyo. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli iliyozidi. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikiisha kupata moto ni maji yanayoingia ndani. Ukiona huo wa tatu, chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili mbaya: huenda gasketi ya silinda hedi imekwisha. Usiendeshe zaidi. Kazi hiyo yataka fundi na vifaa.

INJINI INACHEMKA

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto. Maji yaliyo chini ya shinikizo huwa na joto kupita yale yanayochemka jikoni, na kifuniko kikilegea yatakurukia usoni. Zima, fungua boneti, ngoja nusu saa au zaidi mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuunguza. Kisha tazama kiasi cha maji, mipira iliyopasuka, na mkanda wa feni. Katika viwanda vya sukari, makapi ya miwa huziba mbele ya rejeta kama godoro. Yaoshe kwa maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele.

Desturi nyingine ni kuing'oa themostati na kuitupa. Injini huendesha ikiwa baridi, hula petroli zaidi na kuchakaa upesi. Ipimwe kwanza nyumbani: ifunge kwa uzi, izamishe ndani ya sufuria ya maji jikoni bila kugusa chini. Themostati nzima hufunguka kabla maji hayajachemka, kwenye nyuzi 82 au 88 kama zilivyoandikwa juu yake. Isipofunguka, ndiyo mgonjwa. Ikifunguka, umeokoa pesa.

MAMBO YANAYOUA

Kazi ya kujisaidia isigeuke msiba. Chama kinapigania mashine za kiwandani ziwe na vikinga, na nyumbani kwetu hatuna budi kuwa na sheria zetu.

1. Mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki huteleza. Tumia stendi za chuma au magogo mapana, mahali pa tambarare, na magurudumu mengine yazuiwe. Matofali hupasuka ghafla, tusiyatumie.

2. Petroli isinyonywe kwa mdomo. Tone likiingia mapafuni linaweza kuleta ugonjwa mkali na kifo.

3. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa ekzosi una gesi iitwayo kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na humlaza mtu asiamke.

4. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Kiberiti na sigara vikae mbali. Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi papo hapo.

5. Vumbi la breki na klachi za zamani laweza kuwa na asbesto, inayoleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa. Lilowanishe kwa maji, lipanguse kwa kitambaa, kitambaa hicho kifungwe mfukoni na kutupwa. Watoto wawe mbali.

Juu ya breki twaongeza neno. Mwenye gari aweza kupima kiasi cha mafuta ya breki na kutafuta mahali yanapovuja kwenye magurudumu na mabomba. Lakini pedali ikizama pole pole chini ya mguu, au ikiwa laini kama sifongo, gari lisitoke. Oili ya injini isitiwe kamwe mahali pa mafuta ya breki. Huvimbisha mipira yote ya ndani, na siku ya mteremko hakuna atakayesimamisha gari. Breki na usukani zikaguliwe na fundi anayejulikana, hata kama kazi tumeifanya wenyewe.

FUNDI NI MWENZETU

Hatusemi mafundi ni wezi. Fundi wa barabarani naye ni mfanyakazi, mara nyingi bila mkataba wala bima. Lakini akiambiwa tu "gari haliwaki", naye hubahatisha. Akiambiwa "stata inazunguka, cheche ni ya samawati, petroli haitoki kwenye pampu", hana nafasi ya kukuuzia koili. Mwombe pia akupe spea ile ya zamani aliyoitoa, uione.

Elimu hii itatufaa hata kazini. Wengi wetu hubebwa na malori na matela ya matrekta kwenda shambani. Aliyejifunza kutambua breki inayovuja kwenye gari lake, ataitambua kwenye lori la mwajiri. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, katika kifungu cha 13, unasema mfanyakazi aliyejiondoa kazini kwa sababu za haki za kuamini kuwa pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, alindwe asidhuriwe kwa ajili hiyo. Mwezi Juni 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi ya Shirika hilo. Ukiona hatari kama hiyo, mwite mwakilishi wa tawi, andikeni namba ya gari, tarehe na mlichokiona, na barua ifike ofisini siku ile ile.

SANDUKU LA TAWI

Si lazima kila mtu anunue vifaa vyake. Twashauri kila tawi lenye magari lichange sanduku moja likae kwa katibu, na daftari la kuazima: seti ya spana, spana ya plagi, bisibisi mbili, koleo lenye mpira, fila geji, brashi ya waya, tupa ndogo, mita ya umeme, tochi, na stendi mbili za chuma. Stendi zinunuliwe kwanza.

Ndani ya daftari hilo ziandikwe pia dalili za kila gari, kilichopimwa na kilichopatikana. Mwenzako akikwama mwaka ujao kwa ugonjwa ule ule, asianze upya. Mkutano wa tawi ujao utoe nusu saa kwa jambo hili, na yule anayejua amwonyeshe asiyejua, mbele ya boneti iliyo wazi.