Kabla ya Kuulaumu Moyo, Kula Ndizi

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480. Anayeondoka Buruburu, Umoja au Kayole, mitaa ya Eastlands, kwa baiskeli ili achangishe pesa za matibabu au karo huigawa safari hiyo kwa siku tatu au nne. Ukiitazama kwenye ramani kazi ni nyepesi: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Mombasa iko ufuoni, basi si ni kuteremka tu? Aliyewahi kupita Salama, Sultan Hamud na Emali akiwa juu ya tandiko anajua kwamba mteremko huo una vilima vyake, upepo wa kukukabili usoni na malori yasiyokupisha. Na mahali fulani baada ya saa sita mchana, swali huingia: hivi nafanya nini hapa?

Kazi yangu ni fiziolojia ya mazoezi. Waendesha baiskeli wa Eastlands huniletea swali hilo wakiamini ni la moyo. Lengo limepotea, wanasema, sioni tena sababu ya kuendelea. Mimi huanza kwa kuuliza: saa nne asubuhi ulikula nini? Jibu, mara nyingi mno, ni chai.

Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, gramu 400 hadi 500 hivi, yaani kalori zinazokaribia 2,000. Mtu anayenyonga baiskeli kwa bidii ya kawaida anaweza kuchoma kalori 500 kwa saa. Mafuta ya mwili husaidia, lakini hayatoshi kuubeba mwendo peke yake, hivyo baada ya saa tatu au nne akiba ile inakaribia kwisha. Hapo sukari ya damu huanza kushuka, na wa kwanza kulalamika ni ubongo, kwa sababu ndio unaoitegemea zaidi. Mtu huwa na hasira bila chanzo, huzuni humjia kutoka kusikojulikana, na uamuzi mdogo unamshinda. Nimewaona wanaume wenye mabega ya kubebea magunia Gikomba wakikaribia kupigana kwa ajili ya pampu. Dakika ishirini baada ya ndizi mbili na soda, wanataniana.

Kwa hiyo kanuni ni ya jikoni. Kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na anza kabla njaa haijabisha hodi. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 25. Chapati ni nzuri zaidi, na kiazi kitamu kilichochemshwa hakina mpinzani kwa bei yake. Maji nayo yanataka chumvi kidogo, maana ukishuka kuelekea Mtito Andei joto linapanda na jasho linaondoka na chumvi yako. Anayekunywa maji matupu kupita kiasi siku nzima huweza kuugua vibaya kuliko mwenye kiu.

Je, lengo halina kazi basi? Lina kazi, kwa sababu ubongo nao una usemi katika uchovu, na hapa ndipo sayansi inapovutia. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza waliwapa waendesha baiskeli maji yenye wanga usio na utamu, wayasukutue mdomoni na kuyatema, wasimeze hata tone. Katika jaribio la mwendo wa takriban saa moja, waliosukutua wanga walikwenda haraka kwa karibu asilimia 3 kuliko waliosukutua maji. Misuli haikupata chochote. Ubongo ndio ulioonja kwamba chakula kiko njiani, ukalegeza breki.

Samuele Marcora, mtafiti kutoka Italia, ameifuata hoja hiyo mbali zaidi. Kwa maoni yake, mara nyingi mtu huacha kabla miguu haijashindwa kabisa: huacha pale uzito anaouhisi unapozidi ule alio tayari kuubeba. Mwaka 2009, yeye na wenzake waliwachosha akili watu 16 kwa kazi ngumu ya dakika 90 kwenye kompyuta, kisha wakawapandisha baiskeli. Walikata tamaa mapema kuliko siku waliyotazama filamu za kawaida, ingawa moyo na misuli yao ilikuwa sawa. Mwenyekiti wa safari ya mchango anayekesha akihesabu jumbe za M-Pesa na kujibu kikundi cha WhatsApp hadi saa nane usiku aisome sentensi hiyo mara mbili. Kazi ya hela mpe mtu asiyepanda baiskeli.

Utafiti mwingine wa Marcora na wenzake, wa mwaka 2014, uliwafundisha watu kujisemesha maneno ya kujitia moyo wakiwa juu ya baiskeli. Muda waliovumilia uliongezeka kwa asilimia 18, na kazi ileile waliihisi kuwa nyepesi. Kwangu mimi hii ndiyo kazi halisi ya lengo barabarani: halikuongezei nguvu, linapunguza uzito unaouhisi. Lakini lazima liwe dogo la kutamkika kwa pumzi moja. “Kuinua jamii” halisemeki kilimani. “Karo ya muhula wa pili ya yule kijana” inasemeka, hata kwa Sheng.

Mtihani mkubwa huja katikati. Tangu miaka ya 1930 mwanasaikolojia Mmarekani Clark Hull alionyesha kwamba panya huongeza mbio kadiri wanavyokaribia chakula. Binadamu nasi tuna tabia hiyo, na upande wake wa pili ni kwamba katikati ya njia hamu hushuka: mwanzo umekwisha kusahaulika na mwisho hauonekani. Kwenye barabara hii mahali hapo ni Mtito Andei, karibu nusu ya njia. Dawa ni kuleta mwisho karibu: usiwaze Mombasa, waza Voi, na Voi ikiwa mbali waza daraja la mto Tsavo. Aliyepanga vizuri atakuwa amesimama Makindu kabla ya hapo, kwenye hekalu la Makalasinga lililojengwa mwaka 1926, ambako msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo. Wachangishaji wengi huingia pale wakidhani wao ndio watoaji. Wakiwa na sahani mkononi, hesabu hiyo inabadilika.

Nakiri nina shaka na safari zinazouza mateso. Saa kumi na mbili asubuhi kwenye Jogoo Road utamkuta muuza mkate na kreti nyuma ya baiskeli yake ya Black Mamba, na vijana wanaonyonga kwenda zamu ya Industrial Area. Hakuna anayewapigia picha. Uchovu peke yake si hoja, na mchangiaji wa Nairobi, aliyelelewa kwa harambee, hatoi kwa sababu umeumia. Hutoa kwa sababu ameielewa haja.

Safari iliyonionyesha hilo wazi haikuwa ya baiskeli. Mwaka 2012 Zack Kimotho, aliyepooza baada ya kupigwa risasi na wezi wa magari, aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini. Shirika la Kenya Paraplegic Organization lilikuwa linatafuta shilingi milioni 250 za kujenga kituo cha kuwahudumia walioumia uti wa mgongo, na ujumbe kwa Wakenya ulikuwa wamchangie ili arudi nyumbani. Njia yenyewe ilikuwa maelezo: huduma iko kule Afrika Kusini, mgonjwa yuko hapa Kenya. Hakuhitaji hotuba.

Anayepanga safari kutoka Eastlands ajiulize kama njia yake inaeleza chochote. Kama pesa ni za mgonjwa anayelazimika kufuata matibabu Mombasa au Kijabe, pita njia anayoipita yeye. Kama ni za shule ya Dandora, huenda Kangundo Road hadi Tala na kurudi, karibu kilomita mia moja, inatosha, na wanafunzi wataweza kukupokea jioni.

Baada ya kufika, tarajia siku kadhaa za utupu. Mwili umezoea amri moja kwa siku, ghafla amri hiyo haipo tena. Wengi hujaza nafasi hiyo kwa kutangaza safari nyingine, ndefu zaidi. Mimi huwashauri wapange tarehe mbili kabla hawajaondoka: ya kukabidhi pesa wakiwa wote, na ya kusoma hesabu mbele ya waliochanga, pamoja na gharama za mafuta ya gari la kusindikiza.