Keki ya Prague na lile neno "original" kwenye tangazo lako

Wauzaji wenzangu, leo nawapeleka mbali kidogo, ila mtarudi na kitu cha kufanyia kazi.

Nilipita Prague, mji mkuu wa Jamhuri ya Cheki. Mitaa ya katikati ya mji, pua ndiyo inakuongoza: kila kona wanachoma trdelník. Ni donge la unga linalozungushwa kwenye mti, linachomwa huku linageuzwa, kisha linapakwa sukari. Siku hizi wanajaza mpaka aiskrimu ndani. Mabango yanasema ni keki ya kale ya hapo. Nikanunua, nikapiga picha, nikaondoka.

Jioni mvua ikanikimbizia kwenye mkahawa mdogo wa uchochoroni. Meza chache, joto zuri, wazee wanakunywa kahawa taratibu. Nikamuuliza mama wa kaunta, "Trdelník ipo?" Akacheka: "Hiyo ni ya watalii."

Kumbe kweli. Trdelník yenye jina ni ya Skalica, mji wa Slovakia, na Umoja wa Ulaya unalilinda jina "Skalický trdelník" tangu 2007.

Yeye akanipa koláč, andazi la duara la kuoka, laini, lenye shimo katikati lililojazwa. Kuna la mbegu nyeusi za popi, la jibini laini jeupe linaloitwa tvaroh, na la povidla, yaani jamu nzito ya plamu iliyopikwa kwa muda mrefu.

Sasa angalia hapa. Kila sinia lina kikaratasi: jina, kilichomo, bei kwa koruna, na namba 1, 3, 7. Namba hizo ni za wenye aleji: 1 ni nafaka kama ngano, 3 mayai, 7 maziwa. Kila kitu kiko wazi kabla hujauliza. Hakuna cha "bei njoo inbox."

Kisha akanionyesha vidogo vya harusi. Wacheki huwagawia ndugu na majirani kabla ya sherehe, kama mwaliko wa kuonja.

Aliposema harusi, moyo ukanishtuka. Kuna dada alinunua kwangu vitenge vya sare ya harusi, watu 20. Niliandika "wax original." Nilijua si original, ila picha ilipendeza. Vilipofuliwa mara ya kwanza vikachuja. Hakunitukana. Aliniandikia tu, "Ungeniambia ukweli ningenunua hivyo hivyo, bajeti yangu ilikuwa ndogo." Hajarudi, na wale 20 hawajaja.

Muuza trdelník anaweza kupona, kwa sababu kesho watalii wengine wanashuka. Wewe unayeuza mtandaoni huna watalii. Una watu wale wale, na magroup yao ya WhatsApp.

Kwa hiyo leo fanya haya:

1. Fungua matangazo yako matano ya mwisho. Kila penye "original", "grade one" au "kutoka Uturuki" na huna uhakika, futa.

2. Andika kikaratasi chako: ni nini, kimetengenezwa na nini, saizi, bei, na kasoro kama ipo.

3. Kama bidhaa inaonjeka au inashikika, toa kidogo kwanza. Kipande cha kitambaa, kichupa cha mafuta.

Mimi nilianza na vitenge. Sasa naandika "kopi, fua kwa maji baridi." Na vinanunuliwa.