Msitu wa Pugu Si Viwanja

Mji wa Dar es Salaam unakua, nasi twafurahi kuuona ukikua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Kwa miaka kumi tu wameongezeka watu zaidi ya milioni moja, na kila mmoja wao ana haki ya kulala chini ya paa lake. Hilo hatulipingi. Tunalolipinga ni wazo lililoenea mno siku hizi, ya kuwa ardhi yoyote isiyo na nyumba juu yake ni ardhi iliyolala bure, inayomngoja mnunuzi.

Wazo hilo limekwisha fika hata vilima vya Pugu. Huko Kisarawe, mwendo mfupi kupita uwanja wa ndege, iko misitu miwili iliyopakana, Pugu na Kazimzumbwi. Ilitengwa kuwa hifadhi tangu siku za ukoloni, na leo imepandishwa daraja kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Hata hivyo kingo zake zimemegwa mara kwa mara. Kwanza huja mchoma mkaa, akaacha uwazi. Nyuma yake huja mwenye jembe, akapanda mihogo. Mwisho huja dalali na kamba yake, akapima hatua ishirini kwa ishirini, akaandika mauziano katika karatasi ya daftari. Wavamizi wameondolewa zaidi ya mara moja, na hasara humwangukia yule aliyetoa akiba yake ya miaka mingi. Dalali haonekani tena.

Wako wasemao kwamba watu ni kwanza, misitu baadaye. Maneno haya yana sura ya huruma, lakini yatupasa kuyatazama vema. Mto Msimbazi chimbuko lake ni vilima hivyo hivyo vya Pugu. Huteremka ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, hata ukaingia baharini. Ardhi yenye msitu huinywa mvua na kuiachia polepole. Ardhi iliyofunikwa kwa mabati na saruji huitema yote kwa mara moja.

Desemba 2011 mvua kubwa ilianguka katika mji huu. Watu wapatao arobaini walipoteza maisha, na wakazi wengi wa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Hatusemi kwamba maafa yale yaliletwa na kukatwa kwa misitu peke yake, maana mvua ilipita kiasi na nyumba zilikuwa zimejengwa katika njia ya maji. Tunasema kwamba kila ekari inayovuliwa miti huko juu humwongezea mzigo mtu wa chini. Basi hao "watu kwanza" ni watu gani? Je, mkazi wa Jangwani si mtu?

Wahenga walinena kuwa mchuma janga hula na wa kwao. Hapa mambo ni mabaya zaidi, kwani mchumaji hula faida peke yake, na janga likaliwa na wasiomjua.

Jirani zetu wa Nairobi walipitia njia hii. Msitu wa Karura, ulio kando ya mji wao, uligawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti humo walipigwa hata kumwagika damu. Hawakurudi nyuma. Msitu ukabaki, na leo wananchi wa Nairobi huenda kutembea na watoto wao mahali ambapo pangekuwa na kuta na mageti.

Twajua ya kuwa kukataza peke yake hakumpi mtu nyumba. Kwa hiyo twawaomba wenye mamlaka wafanye mambo matatu. Kwanza, wapime viwanja upesi na kwa bei ya mwananchi wa kawaida, maana mtu aliyekosa kiwanja halali ndiye anayeangukia mikononi mwa dalali. Pili, mji ujengwe kwenda juu katika maeneo yaliyokwisha kuwa na barabara na maji, badala ya kutambaa kila mwaka hata porini. Tatu, ramani ya mipaka ya hifadhi ibandikwe katika kila ofisi ya kata na kijiji iliyo jirani, ili mnunuzi asidanganyike. Na sheria ianze na aliyeuza kabla ya kumfikia aliyenunua.

Nawe ndugu msomaji, ukiuziwa kiwanja karibu na msitu, usitoe hata shilingi kabla hujauliza halmashauri. Nyumba hujengwa ikabomolewa, ikajengwa tena mahali pengine. Msitu wa Pugu ukiisha, hatuna mwingine wa kuuweka mahali pake.